Dakika Nne za Urho Kantola

Urho Kantola alikosa meno manne ya mbele, mawili ya juu na mawili ya chini. Alikosa ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alikosa Kiingereza cha kuandikia, alikosa nyumba iliyo yake, na hakuwa na ndugu hata mmoja upande huu wa bahari. Alikosa pumzi ya kutosha kupanda ngazi mara mbili mfululizo, kwa sababu miaka kumi na mmoja ya vumbi la mawe shimoni ilikuwa imekaa kifuani mwake na haikukusudia kutoka. Na tangu Jumatatu ya tatu ya Februari, mwaka 1953, alikosa kitu kidogo kuliko vyote hivyo, karatasi ngumu ya rangi ya buluu isiyozidi kiganja cha mtoto: kadi ya mchezaji wa ridhaa. Kukosa kadi hiyo ndiko kulikotaka kumnyang'anya vile vichache alivyokuwa navyo.

Mkewe Impi aliisoma barua ya Chama cha hoki ya ridhaa mezani, polepole, akiigeuza kwa Kifini kadiri alivyokwenda. Binti yao Lempi, wa miaka saba, alikuwa chini ya meza akifunga kamba za buti zake mpya.

"Wanasema umecheza mechi nne na watu wa kulipwa," Impi alisema. "Sheria ni tatu."

"Nimecheza tatu."

"Wanasema nne. Tarehe saba Februari, Port Sable, kipindi cha pili."

Urho aliweka kikombe chini. Mdomo wake ulikuwa umevimba, na nyuzi kumi na nne zilipita kutoka chini ya pua hadi kidevuni, kwa hiyo maneno yake yalitoka kama ya mtu anayekula viazi vya moto. "Zile zilikuwa dakika nne," alisema. "Si mechi. Dakika nne."

Katika mji wetu wa Garnet Lake, kama katika miji yote ya migodi huku kaskazini mwa Ontario, hoki ya barafuni ilikuwa na ligi za aina mbili, na kila moja ilijifanya haiijui nyingine. Kulikuwa na ligi za kulipwa, ambako mtu aliuza mchezo wake waziwazi. Na kulikuwa na ligi za ridhaa, ambako mtu alicheza kwa kuupenda mchezo na kuupenda mji wake. Hivyo ndivyo kilivyosema kitabu cha Chama. Kitabu hicho hakikusema kwamba mgodi ulikuwa ukiajiri golikipa na kumwita mtunza taa, wala kwamba ulimwajiri mshambuliaji na kumwita seremala. Mabwana wa Chama walilijua jambo hilo vizuri sana. Walikuja kila Machi kutazama fainali, wakala nyama katika nyumba ya meneja wa mgodi, wakapiga makofi.

Urho alikuwa mtunza taa. Alitolewa shimoni akapewa chumba cha taa za wachimbaji, chenye joto na kisicho na vumbi, pamoja na nyumba ya mgodi yenye maji ya bomba, kwa sababu aliweza kusimama mbele ya lango bila kitu chochote usoni na kuzuia kisahani cha mpira kigumu kama jiwe kwa mwili wake. Daktari alikuwa ameitazama picha ya mapafu yake akasema, "Hapo ulipofika, usishuke tena." Impi aliyakumbuka maneno hayo kila asubuhi alipomfungia chakula.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa bwana Tully, msimamizi wa ajira mgodini na pia meneja wa timu yetu. Aliingia na buti zake, theluji ikimdondoka juu ya zulia la matambara ambalo Impi alilifuma mwenyewe. Kwa Wafini kuingia na viatu ndani ni kama kutema mate juu ya meza, na Tully alikuwa ameishi miongoni mwetu miaka kumi na mitatu.

"Kantola, umeniharibia msimu," alisema. "Watu wa Cold Harbour ndio walioandika kwa Chama. Wametuonea wivu tangu Krismasi. Sasa nisikilize. Bila kadi huchezi. Usipocheza, chumba cha taa anakipata golikipa mwingine. Na nyumba hii inakwenda na chumba cha taa."

"Lini?" Impi aliuliza.

"Tarehe mosi Machi. Lakini mimi si mtu mbaya, bi Kantola." Alitoa karatasi iliyopigwa chapa. "Nimezungumza na katibu wa Chama. Akitia sahihi hapa, atafungiwa mpaka majira ya kupukutika majani, halafu kadi inarudi. Kazi inabaki, nyumba inabaki. Ijumaa adhuhuri nitakuja kuichukua."

"Imeandikwa nini?" Urho aliuliza.

"Maneno tu," Tully alisema, akatoka. Zulia lilibaki na dimbwi.

* * *

Jumatano asubuhi Urho alipanda treni kwenda Port Sable kumwona bwana Clifford Bascombe, meneja wa klabu ya kulipwa. Bascombe ndiye aliyekuwa amekuja nyumbani kwao siku mbili kabla ya mechi ile, akakaa jikoni, akasema golikipa wake hana mbadala, na kwamba Urho aje tu akae jukwaani na viatu vyake vya barafuni ndani ya mfuko. "Kukaa si kucheza," alisema. Katika kipindi cha pili golikipa yule alipasuliwa juu ya jicho. Mechi ilisimama kumsubiri ashonwe, kama ilivyokuwa desturi. Watazamaji wakaanza kuzomea, na Bascombe akashuka ngazi mbili mbili. "Dakika nne tu, Kantola. Vaa jezi yake. Jina lako halitaandikwa popote."

Urho alivaa jezi iliyolowa damu ya mwenzake. Katika dakika nne alizuia visahani tisa, cha tisa kwa mdomo. Alishonwa juu ya meza ileile aliyoshonewa mwenzake. Usiku ule mtu alimtia bahasha mfukoni akasema ni ya chakula. Bahasha ile ndiyo iliyokuwa sasa miguuni mwa Lempi.

Ofisi ya Bascombe ilikuwa chini ya majukwaa. Mzee wa kunoa vyuma vya viatu alimwambia Urho asubiri, na akasubiri kwa saa moja na nusu, kofia mkononi, huku vijana wa klabu wakipita na kumtazama mdomo. Mmoja alimwambia mwenzake, "Yule ndiye ukuta wetu wa dakika nne," wakacheka, si kwa ubaya.

Bascombe alikuwa amekaa bila viatu. Viatu vyake vilikuwa vikikauka juu ya bomba la joto, na nyayo zake alikuwa amezielekeza hukohuko.

"Kantola! Kaa. La, kile kiti kimevunjika. Simama tu, hatutachukua muda."

"Wamenifutia kadi, bwana Bascombe."

"Nimesikia. Inasikitisha."

"Waambie wewe ndiye uliyeniita."

Bascombe alitabasamu kama mtu anayeombwa sigara na mgeni. "Mimi nilikuona jukwaani, ukajitolea. Nani angemkataza mtu mwenye moyo?"

"Ulikuja nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako? Sijafika Garnet Lake tangu mwaka jana, rafiki yangu. Nimewaandikia Chama hivyo, na nimetia sahihi."

Urho alikuwa akitazama chini.

"Basi nipe kazi," alisema hatimaye. "Wanasema mimi ni mtu wa kulipwa. Nilipe nicheze."

"Una umri gani?"

"Thelathini na mmoja."

"Golikipa wangu ana ishirini na miwili, na meno yake yote."

"Anayo kwa sababu siku ile alikuwa anashonwa, na mimi nilikuwa nimesimama mahali pake."

"Hilo ni kweli kabisa," Bascombe alisema kwa furaha, kama aliyesikia mzaha mzuri. Alifungua mtoto wa meza, akatoa tiketi mbili za mechi ya Jumamosi. "Mlete mkeo. Viti vizuri, karibu na lango."

Urho aliziacha tiketi juu ya meza. Lakini akiwa kwenye treni alizipata katika mfuko wa koti. Mtu alikuwa amezitia humo wakati akihangaika na mlango. Kisha kondakta alimuuliza kama ana tiketi, Urho akampa moja ya hizo kwa makosa, na behewa zima likacheka.

* * *

Katika chumba cha taa Alhamisi, Onésime Laframboise alikuja kuchukua taa ambayo hakuihitaji. Alikuwa mshambuliaji wetu wa kushoto, na katika vitabu vya mgodi aliitwa seremala.

"Tia sahihi, Urho," alisema, akikaa juu ya benchi. "Wewe unadhani ile karatasi ni Biblia? Mimi ni seremala wa mwaka wa sita hapa. Umewahi kuniona na nyundo?"

"Hapana."

"Niliwahi kupewa moja. Nikaipoteza. Mwongo mmoja zaidi katika kundi hili atamdhuru nani?"

"Wewe waliposema useme ni seremala, ulimchongea nani?"

Laframboise alikuna shingo. "Hakuna. Labda mbao."

"Mimi wananitaka niseme nilimdanganya Bascombe. Kwamba nilijipenyeza. Mtu ambaye alinibembeleza jikoni kwangu, niandike nilimwibia dakika nne."

"Wale ndio walivyo," Laframboise alisema, sauti yake ikishuka. "Wanakuuza, halafu wanakushtaki kwa kuuzwa. Tukigoma sote Jumapili? Niseme tu, watu wanafuata."

"Una watoto watano."

"Sita. Unakaa sana golini, habari hazikufikii." Alicheka peke yake.

Tully aliingia na kijikaratasi. Alihesabu kwa sauti, mbele ya zamu nzima iliyokuwa ikipanga foleni: jezi moja, vikinga miguu jozi moja, glavu ya kudakia moja, gongo pana moja. Vyote mali ya mgodi, virudishwe leo.

"Viatu ni vyangu," Urho alisema.

"Kuvinoa tulilipia sisi."

"Basi chukua makali," Urho alisema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Tully alishika kalamu ya wino mwekundu akaandika kitu, ingawa hakukuwa na kitu cha kuandika.

* * *

Ijumaa asubuhi karatasi ilikuwa bado juu ya meza, chini ya bakuli la sukari. Impi alikuwa hajalala vizuri. Lempi alikuwa shuleni.

"Tia sahihi, baba," Impi alisema. Alipotaka kumwomba jambo zito alimwita hivyo, kama mama yake alivyomwita baba yake. "Najua ni uongo. Lakini nimesikia kifua chako usiku. Ukinyimwa taa watakurudisha shimoni, nami nitakaa hapa nikisubiri kengele ya ajali. Sitaki heshima yako ndani ya sanduku."

"Nisomee kwanza."

"Ya nini?"

"Nataka nijue ninaweka jina langu juu ya nini."

Aliinua bakuli la sukari. Alisoma kwa Kiingereza, akageuza kwa Kifini, kidole chake kikienda mstari kwa mstari. "Mimi, Urho Kantola, nakiri kwamba niliingia barafuni bila kuitwa na mtu yeyote. Nakiri kwamba nilivaa jezi ya mchezaji mwingine kwa hila, ili nijifiche. Nakiri kwamba niliomba nilipwe." Hapo alivuta pumzi. Alikuwa ameamua kusoma mpaka mwisho bila kusema kitu. "Nakiri kwamba bwana Clifford Bascombe hakuwa na habari, na kwamba hajawahi kukanyaga nyumbani kwangu wala kuzungumza nami wala na mke wangu..."

Kidole kilisimama.

"Wala na mke wangu," alirudia.

Urho alikuwa akitazama dirishani.

"Aliketi pale," Impi alisema, akionyesha kiti. "Nilimmiminia kahawa vikombe viwili. Alikula mkate wangu wa iliki vipande vitatu, cha nne akakifunga kwenye leso. Alivua viatu mlangoni, nikasema moyoni, tazama, Mwingereza mwenye adabu. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba kimechungulia nje kama panya. Nilimwambia aivue. Niliishona hapahapa, yeye akikupigia maneno yake, kwa sababu sikutaka mtu atoke nyumbani kwangu na mguu wazi katika baridi ile."

"Najua."

"Niliishona kwa uzi wa kijani, uliobaki kwenye glavu za Lempi. Sikuwa na wa kijivu."

"Najua, Impi. Nimeuona."

"Umeuona wapi?"

"Jumatano. Alikuwa ameweka miguu kwenye bomba. Aliniambia hajafika kwetu tangu mwaka jana, na huku anachezesha kidole, na uzi wako unanitazama."

Impi alimkazia macho. "Alikuwa ameivaa?"

"Alikuwa ameivaa."

"Na hukuniambia?"

"Ulitaka nitie sahihi. Sikutaka kukuongezea."

Maji yalichemka yakafurika juu ya jiko. Impi aliyaondoa, akajifuta mikono, akaichukua karatasi ya Tully na kuikunja mara nne. Hakuichana, aliiweka chini ya mguu mfupi wa meza, uliokuwa ukicheza tangu walipohamia. Kisha alileta kalamu, wino, na karatasi zile nzuri za kuandikia Ufini.

"Wataichukua nyumba," Urho alisema.

"Waichukue. Kambi ya wakata miti ya Sucker Creek inatafuta mpishi, na nimesikia hawana wa kunoa misumeno. Huko ni baridi, lakini hakuna vumbi, na hutashuka chini ya ardhi kwa ajili ya mtu yeyote. Sema. Mimi naandika."

Walifanya kazi kwa saa mbili. Urho alisema kwa Kifini, Impi akaandika kwa Kiingereza alichojifunza katika shule ya jioni ya ukumbi wa Wafini, kozi mbili za majira ya baridi, akitumia kamusi kwa maneno matatu tu. Hawakumtaja Laframboise wala mbao zake. Hawakutaja taa. Urho hakutaka mtu mwingine aanguke naye.

"Andika kwamba nilipokea dola ishirini na tano."

"Kweli?"

"Kweli. Andika tumenunua buti za mtoto. Kama ni dhambi, ni ya mguuni, waje waitazame."

Aliandika. Aliandika kwamba mume wake aliitwa, na siku, na saa, na kiti. Aliandika kwamba sheria inayomhukumu anayesimama langoni na kumwacha anayemsukuma langoni haikuandikwa na mtu aliyewahi kupigwa mdomoni. Hapo Urho alisema, "Hilo sikulisema." Impi akajibu, "Nalisema mimi. Wameandika kwamba mke hakuzungumza naye, sasa mke anazungumza." Mstari wa mwisho aliuandika bila kumuuliza mtu:

*Bwana Bascombe aitwe mbele yenu avue kiatu cha kulia. Uzi ni wa kijani. Mwingine kama huo uko ndani ya bahasha hii, mlinganishe.*

Alikata uzi wa kijani wa urefu wa kidole kutoka kwenye kikapu, akauweka kati ya karatasi. Urho alitia sahihi, herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema. Impi alitia sahihi chini yake.

Urho alichukua bahasha, akaipeleka mdomoni, akaguna kwa maumivu. Nyuzi zile hazikumruhusu kulamba gundi.

"Lete," mkewe alisema.

Hatua zilisikika barazani, na mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Tully alikuwa na mguu mmoja ndani, akitazama meza.

"Viatu," Impi alisema.

"Nini?"

"Mpaka tarehe mosi hii ni nyumba yangu, bwana Tully. Viatu nje."

Tully alimtazama Urho, ambaye alikuwa akipuliza kahawa yake. Akarudisha mguu. Alisimama barazani katika baridi, kizingiti kikiwa kati yake na sisi sote tuliokuja kusikia kisa hiki baadaye. "Karatasi iko wapi?"

"Chini ya mguu wa meza. Ukiitaka, vua viatu uichukue."

"Na hiyo bahasha?"

"Hii ni ya Chama."

"Nipe, nitaipeleka mwenyewe. Nakwenda huko Jumatatu."

"Nina miguu," Impi alisema.

Alivaa koti na kitambaa cha kichwa. Alipita kando ya Tully barazani bila kumgusa, akashuka barabara ya mgodi katika mwanga mkali wa saa saba mchana, mbele ya madirisha ya majirani. Treni ya barua ilisimama Garnet Lake dakika sita. Hakwenda posta, kwa sababu karani wa posta alikuwa shemeji yake Tully. Alikwenda moja kwa moja kwenye behewa la barua na kugonga ubao wa mlango wake kwa ngumi.

Karani wa treni aliinama. "Ina stempu?"

"Inayo."

"Mbona haijafungwa, mama?"

Impi alilamba gundi kutoka pembe hadi pembe, akaibana bahasha kwenye chuma baridi cha behewa na kuisugua kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kisha akampa. Karani aliitumbukiza ndani ya mfuko, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba, na treni ikaanza kuondoka.